Dawa za Uvimbe kwa Maumivu ya Viungo: Namna ya Kuzitumia Bila Kuumiza Tumbo, Figo wala Moyo

Katika kemisti nyingi za Kondele mjini Kisumu, Kakamega mjini au Nakuru, ukisema goti linakuuma utatoka na bahasha ndogo ya karatasi yenye vidonge vya rangi mbili tatu na maandishi "1x3". Kimojawapo huwa diklofenaki au ibuprofeni. Wakati mwingine viwili kati ya hivyo ni dawa za ukoo mmoja, na anayevimeza hajui.

Dawa hizi zinafanya kazi. Goti lililojaa maji hunywea, mzee aliyekuwa akishikilia ukuta hutembea hadi sokoni. Lakini mtu anayefikishwa hospitali akitapika damu, au ambaye figo zake zimesimama, mara nyingi alikuwa amemeza mbili kwa pamoja, au amemeza kwa miezi bila kipimo chochote, au alikuwa na ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyemuuliza. Yote matatu yanazuilika.

Hatua ya 1: Jua ukoo wa dawa

Ukoo huu tunauita dawa za uvimbe, kwa sababu hupunguza uvimbe na maumivu (kwa Kiingereza NSAIDs). Walio ndani yake ni ibuprofeni (wengi wanaijua kama Brufen), diklofenaki (Voltaren ni mojawapo), aseklofenaki, naprokseni, meloksikamu, piroksikamu, indometasini, selekoksibu na etorikoksibu. Aspirini pia ni ya ukoo huu, na imo ndani ya vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa kioskini, kwa hiyo geuza pakiti usome viambato kabla ya kumeza. Kwenye pakiti majina yameandikwa kwa Kiingereza, bila irabu ya mwisho: diclofenac, meloxicam, celecoxib.

Parasetamoli, yaani Panadol na wenzake, si ya ukoo huu. Inaweza kumezwa pamoja na dawa moja ya uvimbe. Angalia tu kuna vidonge ambavyo tayari vimechanganya diklofenaki au ibuprofeni na parasetamoli. Ukiongeza Panadol juu yake unazidisha parasetamoli bila kujua, na ini ndilo linaloumia.

Sheria kuu ni hii: dawa moja ya uvimbe kwa wakati mmoja. Kuongeza ya pili hakuongezi nafuu kwa kiasi cha kuhesabika, ila hatari ya kidonda cha tumbo hupanda sana. Aspirini ndogo ya moyo, ile ya miligramu 75 hadi 100, ni jambo la peke yake: usiiache kwa uamuzi wako, wala usiongeze ibuprofeni juu yake bila kumwambia daktari, kwa sababu ibuprofeni huizuia aspirini isilinde moyo. Daktari akikuruhusu kumeza zote mbili, aspirini ya kawaida itangulie kwa angalau dakika 30, au ibuprofeni iwe imemezwa saa 8 kabla ya aspirini.

Ukiwa mbele ya dirisha la kemisti, sema hivi: "Daktari, nina presha, nameza dawa hii na hii. Naomba uniandikie jina la dawa, miligramu zake na siku za kumeza." Bahasha iliyoandikwa "1x3" peke yake haitoshi. Omba ukatiwe vidonge vikiwa bado ndani ya karatasi yake ya fedha, upande wenye jina na tarehe ya kuisha. Wakikupa mchanganyiko wa vidonge vilivyofunguliwa wasioweza kukutajia kimoja kimoja, rudisha. Duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani halitashindwa kukujibu.

Kwa nini dawa ya goti iumize tumbo? Mwili hutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Kwenye kiungo kilichoumia huleta uvimbe na maumivu, lakini tumboni hulinda ule utando unaozuia asidi isile nyama, na kwenye figo huacha mishipa wazi damu ipite. Dawa huzizuia kote, haichagui. Ndiyo maana sindano ya diklofenaki nayo inaweza kuleta kidonda cha tumbo ingawa haijapita mdomoni: inafika huko kwa njia ya damu.

Hatua ya 2: Angalia kama wewe ni wa kuimeza

Usianze mwenyewe ikiwa umewahi kuwa na vidonda vya tumbo au kutapika damu, ikiwa una ugonjwa wa figo, ini lililoharibika, moyo unaoshindwa kusukuma damu, au umewahi kupata shtuko la moyo au kiharusi. Mwenye pumu ambaye aspirini ilishamfunga kifua asiguse yoyote ya ukoo huu. Mjamzito aziache kuanzia wiki ya 20 isipokuwa daktari aamue vingine, na kuanzia wiki ya 28 ni hatari zaidi, kwani zinaweza kuziba mapema mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto. Anayemeza warfarini (ya kuzuia damu isigande), prednisoloni au deksamethasoni (dawa za steroidi), au dawa fulani za sonona, tumbo lake huvuja damu kwa urahisi zaidi. Umri wa miaka 65 na kuendelea ni sababu tosha ya kuuliza kwanza.

Mambo mawili yanahitaji kusemwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo yanayopita bila kuulizwa.

La kwanza ni presha. Dawa za uvimbe hupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha, hasa enalaprili, losartani na zile za kukojoza. Mtu anameza losartani yenye hidroklorothiazaidi ndani yake, kliniki wanashangaa presha haishuki, wanamwongezea dozi, kumbe nyumbani anameza diklofenaki kila jioni. Zaidi ya hapo, dawa tatu zikikutana, yaani enalaprili au losartani, pamoja na ya kukojoza kama hidroklorothiazaidi au Lasix, pamoja na ya uvimbe, figo hubanwa kutoka pande tatu na zinaweza kusimama ndani ya siku chache, hasa kwa mzee ambaye hakunywa maji ya kutosha. Amlodipini huathirika kidogo kuliko hizo, lakini presha bado inafaa kupimwa.

La pili ni ARV, dawa za virusi vya UKIMWI. Katika kaunti za kandokando ya Ziwa Victoria watu wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Tenofoviri hutolewa mwilini na figo na yenyewe inaweza kuzichosha. Ukiongeza dawa ya uvimbe, na visa vilivyoripotiwa vinaitaja sana diklofenaki, figo zinaweza kuharibika ghafla. Usiache ARV hata siku moja. Ni dawa ya maumivu inayobadilishwa. Kama hutaki mhudumu wa kemisti ajue hali yako, mwambie tu, "Figo zangu haziruhusu diklofenaki wala ibuprofeni, nipe parasetamoli," kisha upeleke swali la maumivu ya viungo kwenye kliniki yako siku ya kuchukua dawa.

Hatua ya 3: Anza na jeli kama kiungo kiko karibu na ngozi

Kwa goti na viungo vya vidole vilivyolika kwa umri, jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 ndiyo tungeianza kwanza. Kiasi kidogo tu, karibu asilimia 6 ya kile kinachoingia kwa kidonge, hufika kwenye damu. Nyonga iko ndani mno, jeli haiifikii. Wanaomeza tenofoviri au wenye figo dhaifu waulize kwanza, ingawa hata kwao jeli ni nafuu kuliko kidonge.

Wengi husema jeli haifanyi kazi, na ukiangalia walivyopaka, ni tone kama punje ya mahindi mara moja kwa siku. Dozi kamili ya goti ni gramu 4, mstari wa takriban sentimita 11 kutoka kwenye mrija wa kawaida, mara 4 kwa siku. Mkono ni gramu 2 kila mara. Kwa hesabu hiyo mrija wa gramu 30 unaisha kwa siku mbili, na si kila mfuko unaweza. Ikibidi, chagua goti moja linalosumbua zaidi, paka gramu 2 mara 3 kwa siku. Mrija utafika siku 5. Endelea wiki mbili kabla ya kuhukumu.

Sugua taratibu goti lote, mbele, kando na nyuma, si pale panapouma tu. Ngoja dakika 10 kabla ya kuvaa. Nawa mikono, ila kama ni vidole vya mkono unavyotibu, ngoja saa nzima ndipo unawe. Usipake juu ya kidonda, usifunge bandeji ya kubana, usiweke chupa ya maji moto juu yake, na usichanganye na mafuta ya kuchua yenye kuwasha.

Parasetamoli inaweza kujaribiwa pia: gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au anayekunywa pombe sana asizidi gramu 2. Kwa kiungo kilichovimba nafuu yake ni ndogo, na ni haki mgonjwa aambiwe hivyo. Faida yake ni kwamba tumbo na figo hubaki salama.

Hatua ya 4: Kidonge, kwa dozi ndogo inayotosha

Ibuprofeni: miligramu 200 hadi 400, mara 3 kwa siku, mwisho ni 1200 kwa siku bila daktari. Tazama miligramu kabla ya kufuata bahasha. "1x3" ya kidonge cha 400 ni 1200 kamili. "2x3" ya hicho hicho ni 2400, dozi ambayo daktari pekee huandika baada ya kupima hatari zake.

Diklofenaki: miligramu 50 mara 2 au 3, mwisho 150. Hapa kuna kosa linalojirudia. Vipo vidonge vya miligramu 100 vinavyoyeyuka polepole, ambavyo humezwa kimoja kwa siku. Akimeza "1x3" kwa mazoea anafikia 300, mara mbili ya kikomo. Vidonge hivi, na vile vyenye ganda la kulinda tumbo, havivunjwi wala kusagwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi asimeze diklofenaki kabisa.

Naprokseni: 250 mara 2 kwa siku, ikilazimu 500 mara 2. Kwa upande wa moyo ndiyo yenye afadhali zaidi, ila kwa tumbo ni kali. Meloksikamu: 7.5 mara 1, isizidi 15. Piroksikamu na indometasini tungeziacha kwa daktari. Zinaumiza tumbo kuliko wenzake.

Selekoksibu, miligramu 200 kwa siku, na etorikoksibu, 30 hadi 60 mara 1 kwa magoti yaliyolika, huhurumia tumbo zaidi. Zinauzwa ghali na mtu huamini kwamba ghali ni salama. Figo hazioni tofauti yoyote, na moyo uko kwenye hatari ile ile au zaidi. Rofekoksibu, ndugu yao iliyouzwa kwa jina la Vioxx, iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya shtuko la moyo na kiharusi. Etorikoksibu hupandisha presha waziwazi, kwa hiyo mwenye presha isiyotulia asiimeze.

Kama viungo vimelika kwa umri na kazi, huna sababu ya kumeza kila siku. Meza siku inapouma, au saa moja kabla ya kazi unayojua italeta maumivu, kama kuinama shambani Ahero au kupanda ngazi za soko ukiwa na mzigo. Kusahau dozi hakulipwi kwa kumeza mbili.

Jongo, lile linaloshambulia kidole gumba cha mguu usiku hata shuka haliguswi, linatibiwa tofauti: dozi kamili mapema ndani ya siku ya kwanza, kisha kuacha siku moja au mbili baada ya maumivu kutulia. Anayemeza alopurinoli, dawa ya kuzuia jongo lisirudi, asiiache wakati wa shambulio. Chang'aa na busaa huliamsha jongo na pia hulichubua tumbo lenye dawa.

Na kama viungo vidogo vya vidole vya mikono yote miwili vimevimba, asubuhi vinakaza kwa zaidi ya nusu saa, na hali hiyo imepita wiki 6, huenda ni baridi yabisi halisi, ambayo kinga ya mwili ndiyo inayokula viungo. Dawa ya uvimbe itakutuliza huku mifupa ikiendelea kuharibika chini yake. Inahitajika methotreksati, ambayo humezwa mara 1 kwa wiki tu, au dawa nyingine ya kuzuia ugonjwa wenyewe. Omba rufaa mapema. Kiungo kilichopinda hakirudi.

Hatua ya 5: Linda tumbo sawasawa

Kula kwanza, hata kikombe cha uji, kisha meza kwa glasi nzima ya maji na usilale kwa dakika 15. Chakula huzuia kichefuchefu na kiungulia. Hakizuii kidonda, wala maziwa hayazuii, wala dawa za kutuliza asidi za kutafuna au kukoroga. Hizo hupunguza tu kiungulia, na hapo unapoteza hata ile dalili ndogo ya kukuonya. Vidonda vingi vya dawa hizi haviumi. Dalili ya kwanza ni damu.

Kinachozuia ni omeprazoli miligramu 20, mara 1 kwa siku, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, siku zote unazomeza dawa ya uvimbe. Anayevuka miaka 65, aliyewahi kuwa na vidonda, au anayemeza aspirini ya moyo pamoja nayo, asimeze bila kinga hiyo. Aliyewahi kuwa na vidonda apimwe pia kijidudu cha Helicobacter pylori, kwa choo au pumzi, atibiwe kabla ya kuanza. Omeprazoli hailindi figo wala moyo.

Hatua ya 6: Acha dawa mwili unapokauka maji

Ukihara, ukitapika, ukiwa na malaria yenye homa kali, au umefunga bila maji kutwa nzima kwenye jua, acha dawa ya uvimbe siku hiyo hiyo. Figo wakati huo zinategemea prostaglandini ili zipate damu, na dawa inazikatia. Homa itulize kwa parasetamoli. Rudi kwenye dawa baada ya siku moja au mbili za kula, kunywa na kukojoa kama kawaida.

Hatua ya 7: Siku na vipimo

Ukijitibu mwenyewe, mwisho ni siku 10. Kama bado inahitajika, ni lazima mtu apime. Presha ipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya wiki 1 au 2. Wahudumu wengi wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wana mashine, waombe. Kreatinini (kipimo cha figo) na kiwango cha damu vipimwe kabla, tena baada ya wiki chache, kisha kila miezi 3 hadi 6 kwa mzee, mwenye presha, kisukari au anayemeza tenofoviri. Karatasi ya majibu ikionyesha utendaji wa figo (eGFR) chini ya 30, dawa hizi zote zisimame. Kati ya 30 na 60, daktari aamue.

Sindano na unga wa maumivu ya viungo

Sindano ya diklofenaki ya miligramu 75 ni ya maumivu makali, isizidi siku 2. Kuchomwa kila wiki kwa sababu "inashika haraka" ni kujitafutia jipu, au mshipa wa fahamu unaopita kwenye tako kudungwa ukaacha mguu mzito.

Unga na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa vituo vya matatu na sokoni kama "dawa ya miti shamba ya viungo" huhitaji tahadhari kubwa. Ukiona maumivu ya miaka mitano yameisha kwa siku mbili, shuku kwamba ndani kuna deksamethasoni au prednisoloni iliyofichwa, pengine na diklofenaki. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya umma kuhusu Artri King, kirutubisho cha viungo kilichopatikana na vyote viwili, diklofenaki na deksamethasoni, bila kuandikwa kwenye chupa. Uso ukiwa mviringo, njaa ikizidi, sukari na presha zikipanda, ni dalili za dawa hizo. Ukiwa umetumia kwa wiki kadhaa, usiache ghafla: mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake na unaweza kuzirai. Nenda hospitali na chupa yenyewe upunguziwe polepole.

Dalili za kuacha dawa na kuondoka nyumbani sasa hivi

Choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali. Vidonge vya damu vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati hivyo, ukisitasita, nenda. Kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa. Maumivu ya ghafla ya tumbo lililokakamaa. Kifua kubana, mdomo kupinda, upande mmoja kulegea. Mkojo kupungua na miguu kuvimba. Uso kuvimba, kifua kupiga filimbi, au ngozi kutoka malengelenge. Kwa damu, usipotezee saa kwenye zahanati isiyo na damu ya kuongezwa. Elekea hospitali ya rufaa ya kaunti.

Kuna moja linalofichwa na dawa yenyewe: kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto na wekundu, pamoja na homa. Hicho kinaweza kuwa na usaha ndani, na kinaharibika kwa siku, si miezi. Usikitulize kwa diklofenaki ukingoje asubuhi ya Jumatatu. Kinatakiwa kuchomwa sindano ya kutoa maji yakapimwe, kisha dawa ya mshipani.

Unapoondoka, tia mfukoni bahasha zote, karatasi za fedha, mrija wa jeli, dawa za presha na hata unga wa sokoni, pamoja na kadi ya kliniki. Daktari wa zamu akiziona mezani, ataokoa muda ambao angeupoteza kukisia ulimeza nini.